Ukiona Vyaelea: Mchoraji ni Fundi, na Fundi Hulipwa

Kuna sentensi moja ambayo naomba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuiache kuanzia leo, angalau tukiwa mbele ya wachoraji. Sentensi yenyewe ni hii: "Wewe Mungu amekupa kipaji." Inasikika kama sifa. Anayeisema hutabasamu na anayeambiwa hushukuru. Lakini nimeisikia ikisemwa mbele ya mjomba wangu mara nyingi, na karibu kila mara sentensi iliyofuata ilikuwa ya kumpunja. "Umejaliwa kipaji, basi nipunguzie." "Kwako wewe hii ni kazi ya dakika mbili." "Tutaitundika ofisini, watu watakujua." Bado sijamsikia mtu aliyekisifu kipaji chake halafu akaongeza bei.

Mjomba wangu ni mchoraji wa rangi za mafuta. Anaishi Kireka, nje kidogo ya katikati ya Kampala, na karakana yake ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Mwaka jana alikuja mgeni mmoja, ofisa wa ofisi kubwa, akasimama mbele ya picha ya madereva wa bodaboda waliojibanza chini ya paa la kituo cha mafuta wakisubiri mvua ikatike. Alisimama kimya muda mrefu. Kisha akaitoa ile sentensi. Mjomba alipomtajia bei, shilingi 1,200,000, mgeni akacheka kwa upole kama mtu anayecheka na mtoto. Akasema atatoa 300,000, tena taslimu, hapo hapo.

Mimi nilikuwepo. Na kwa bahati, picha ile niliijua tangu ilipokuwa kitambaa kilichokunjwa kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu likizo ile ndefu niliimaliza nikiishi kwa mjomba, nikiwa na daftari. Nataka kulifungua daftari hilo hapa. Hoja yangu ni fupi: tunapomwita mchoraji "mwenye kipaji" tunafuta kazi yake, na tukishaifuta kazi, tunajiruhusu kutolipa. Jina lake halisi ni fundi.

Nianze na maneno, maana ndiyo fani yetu. Kiswahili kina neno "kipawa", yaani kitu ulichopewa, na "kipaji" hutumika kwa maana hiyo hiyo. Kiluganda nacho kina "ekitone", ambalo kwa asili ni zawadi. Maneno haya yote yanamtazama mtoaji. Aliyepewa amesimama tu, mikono ameikinga. Sasa linganisha na "fundi". Neno hili ni la ukoo mmoja na kufunda, mafunzo, mwanafunzi. Fundi ni mtu aliyefundwa akafundika. Ndiyo kusema mimi mwanafunzi na mjomba fundi ni watu wa nyumba moja, ila yeye amefika na mimi bado niko njiani. Waganda hatukuhitaji hata kulitafsiri neno hilo. Tumelichukua lilivyo, na leo kila gereji na kila jengo linalojengwa Kampala lina fundi wake. Na jambo la kuzingatia ni hili: hakuna mtu anayemwambia fundi wa gari, "Mungu amekupa kipaji, basi nitengenezee injini bure." Fundi tunamkadiria. Fundi tunampa kianzio. Fundi tunamgombeza akichelewa, na kugombezwa nako ni heshima ya aina yake, maana unagombezwa kwa kuwa kazi yako inahesabika.

Sasa daftari.

Siku ya kwanza mjomba hakugusa rangi. Alinunua mbao nne, akazikata pembe, akaunga kiunzi, akakipima kwa kamba toka kona hadi kona kuhakikisha hakijapinda. Kisha akakitandika kitambaa cha amerikani nzito, akakivuta kwa koleo na kukipigilia pini kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni. Ukianza kwenye kona, kitambaa kinafanya mikunjo ambayo haitoki tena. Jioni alikipiga kwa kidole kikalia kama ngoma. Nikaandika: saa 5.

Siku ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa za kukiandaa kitambaa. Wengi hawajui hatua hii ipo. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye pamba, mafuta yananyonywa, rangi inabaki kama vumbi, na baada ya miaka kitambaa chenyewe huanza kuoza. Kwa hiyo lazima pawe na ngozi katikati. Mjomba hupaka gundi kwanza, kisha rangi nyeupe ya msingi, mikono mitatu, na kati ya mkono na mkono anasugua kwa msasa laini. Siku ya nne jioni nilipitisha kiganja juu ya kitambaa, kikawa laini kama ganda la yai. Siku nne zimepita na hakuna kilichochorwa. Kipaji kilikuwa wapi wakati huo wote? Sikukiona. Nilimwona mtu mzima mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi.

Wiki iliyofuata alikuwa anachora kwa mkaa kwenye karatasi za bei rahisi, si kwenye kitambaa. Tena hakuchora karakanani. Mvua ilipoanza kutanda alivaa makoti mawili, akaenda kusimama kwenye kituo cha bodaboda barabara ya Jinja, akarudi ameloa, akachora alichokikumbuka kabla hakijamtoka. Alifanya hivyo mara sita. Nilimuuliza kwa nini asipige picha kwa simu. Alinijibu kwa Kiluganda, nami natafsiri: "Simu inaona kila kitu kwa usawa. Mimi nataka nijue kipi nikisahau." Kati ya michoro ishirini na miwili alichagua mmoja, akauhamishia kwenye kitambaa kwa kugawanya miraba.

Kisha zikaja rangi, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba mchoraji wa mafuta ni mtu wa subira kuliko mtu wa mkono mwepesi. Rangi ya maji hukauka maji yakiruka hewani. Rangi ya mafuta haikauki hivyo. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hunyonya oksijeni kutoka hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Kwa hiyo kila tabaka lina muda wake, na kuna sheria ambayo mjomba huisema kama mwalimu wa dini asemavyo aya: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mafuta mengi. Ukigeuza, la juu litakauka upesi huku la chini bado linajongea, na picha itapasuka kama matope ya kiangazi. Mnunuzi hataiona kasoro hiyo leo. Ataiona baada ya miaka kadhaa, wakati mchoraji ameshakula pesa. Kwa maneno mengine, uadilifu wa mchoraji umefichwa mahali ambapo mteja hawezi kuukagua. Fundi wa aina hii anastahili kudharauliwa kwa bei?

Rangi zenyewe zina tabia zao. Rangi ya udongo ya kahawia iitwayo amba hukauka haraka, kwa hiyo ndiyo anayoanzia. Nyeupe ya titani huchelewa, na nyekundu ya kadmiamu huchelewa na ni ghali, tena ni sumu, hivyo halii chakula kabla ya kunawa. Nyeusi ya kopo haitumii kabisa. Lami iliyolowa aliitengeneza kwa kuchanganya bluu ya ultramarini na amba iliyochomwa, akipunguza hii na kuongeza ile mpaka giza likawa na uhai. Lami hiyo ilimtesa. Aliipaka, akatazama, akaikwangua kwa kisu. Akaipaka tena, akaikwangua tena. Mara tatu. Kazi ya siku nzima iliishia kwenye gazeti kuukuu kama ugali ulioungua. Mara ya tatu nilimwonea huruma nikasema, "Mjomba, mbona ilikuwa nzuri?" Akasema, "Ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na maji." Siku ya nne taa za kituo cha mafuta zikaanza kung'aa chini kwenye barabara, na hata mimi nikaona maji.

Naomba msomaji asinielewe vibaya. Sisimulii haya ili mjomba aonekane mtakatifu. Kuna siku alikaa tu akinywa chai na kulalamikia mwanga. Lakini hata malalamiko yake yalikuwa ya kikazi. Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji aweke dirisha upande wa kaskazini, kwa kuwa kule kwao jua halipiti upande huo na mwanga wake hautikisiki. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini kwetu, na miezi inayobaki liko kusini. Dirisha la kitabuni kwetu ni uongo nusu ya mwaka. Mjomba ametoboa madirisha pande zote mbili, akashona mapazia meupe ya shuka, na huyahamisha kwa msimu. Hilo hakulipata kwenye kitabu wala katika ndoto. Alilipata kwa kuharibu picha.

Na jioni, watu wanapodhani msanii anakaa na mawazo yake, kazi inaendelea. Brashi lazima zisafishwe kwa tapentaini, kisha kwa sabuni ya mche, moja moja, mpaka povu litoke jeupe, la sivyo kesho ni vijiti. Matambara yenye mafuta ya kitani hayatupwi yakiwa yamefungwa fundo. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kujiwasha moto bila kiberiti. Ndiyo maana nje ya mlango wa mjomba kuna kopo la maji lenye matambara, na kamba yenye mengine yaliyotandazwa. Majirani hudhani ni uchafu. Ni usalama wao.

Picha ilitiwa sahihi siku ya 41. Siku ambazo mkono wake ulifanya kazi juu yake zilikuwa 19, nyingine zilikuwa za kusubiri tabaka likauke, na msimu wa mvua ulizirefusha. Nilijumlisha saa: 96. Kiunzi na kitambaa viligharimu shilingi 70,000. Gundi, rangi ya msingi na msasa, 30,000. Rangi, 190,000. Mafuta na tapentaini, 50,000. Jumla 340,000. Sijahesabu kodi ya ardhi kilipo kile chumba, wala umeme, wala vanishi ambayo itabidi isubiri karibu miezi sita mpaka rangi ikomae.

Sasa rudi kwa mgeni wetu na shilingi zake 300,000. Hakuwa anaomba apunguziwe. Alikuwa anamwomba mjomba amwongezee shilingi 40,000 kutoka mfukoni ili aichukue picha, na saa 96 ziwe sadaka. Na angetoka pale akiamini amemsaidia msanii. Hata bei kamili, ukitoa gharama, inambakizia mjomba kama shilingi 9,000 kwa saa, na hapo tunachukulia kwamba kila picha inanunuliwa, jambo ambalo si kweli.

Mjomba alikataa. Alikataa kwa adabu, akamsindikiza mgeni hadi kwenye gari lake. Kisha akarudi, akachukua kopo la rangi ya ukutani, akaenda kuandika jina la duka la vipuri la jirani, kwa sababu karo ya binti yake ilikuwa inadaiwa.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza watasema: lakini kipaji kipo kweli. Wapeleke watu wawili kwa mwalimu mmoja, mmoja atachora na mwingine atapaka tu. Nakubali. Sikatai kwamba watu hutofautiana. Ninachokataa ni kulitumia neno hilo kama risiti ya kutolipa. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alipovunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000 mwaka 2020, Waganda tulizungumzia mazoezi yake, kocha wake, milima yake. Hakuna aliyesema kwa kuwa miguu alipewa na Mungu basi akimbie bure. Daktari wa upasuaji naye huenda alizaliwa na mkono usiotetemeka, lakini tunaiita kazi yake taaluma. Kwa nini mchoraji peke yake ndiye anayeambiwa kwamba alichonacho si chake?

Wa pili watasema kwamba uchoraji ni mambo ya asili, na kwamba Mwafrika huchora vizuri zaidi asipofundishwa. Hoja hii inajidai ya kizalendo, lakini ina umri na ina wenyewe. Mwaka 1946, katika mji ambao leo ni Lubumbashi, mji wa Kiswahili kabisa, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kama Hangar. Aliwakusanya vijana kama Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na hakutaka wafundishwe mitindo ya Ulaya, asije akaiharibu asili yao. Kazi zilizotoka pale ni nzuri, sikatai. Lakini zitazame kwa makini. Bela alipaka kwa ncha za vidole, nukta juu ya nukta. Mwenze alijaza picha nzima kwa mistari mifupi mifupi iliyopangwa kama msuko wa mkeka. Jaribu kupanga mistari hiyo kwenye ukurasa mmoja wa daftari lako bila mkono kuchoka wala mwelekeo kupotea, kisha uniambie kama hiyo ni asili au ni ufundi. Walijifunza. Walijifunza kwa kurudia, na mwalimu wao alikuwa ile kazi yenyewe.

Hapa kwetu Uganda mjadala huo ulikuwepo pia. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani kwake mwaka 1937, na shule ya sanaa ya Makerere bado ina jina lake. Yeye alipendelea kumsimulia mwanafunzi tukio ili achore anachokiona kwa jicho la ndani, na aliogopa kumtwisha mazoezi ya Ulaya. Cecil Todd, aliyemfuata mwishoni mwa miaka ya 1950, alishika njia nyingine: nadharia ya rangi, historia ya sanaa, ujuzi wa vifaa. Watu wamebishana miaka mingi nani alikuwa sahihi. Mimi ninamtazama mwanafunzi mmoja aliyepita hapo, Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akafundisha hapo hapo, akaenda Slade mjini London mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarudi akiendelea kuchora mambo ya kwao: migomba, mavuno, watu wengi wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya mafuta ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Mtu huyo huyo akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huru mjini London. Ukiziangalia picha zake, watu ni wadogo, wamechorwa bila madoido, na mtu mvivu wa macho anaweza kusema mtoto angeweza. Lakini Ntiro alikuwa amekwishapita katika mojawapo ya shule kali za uchoraji duniani. Usahili wake aliuchagua akijua njia nyingine zote. Kumwita mtu huyo "wa asili" ni kumpokonya uamuzi wake.

Wa tatu, na hawa ndio wengi, watasema: nchi maskini inataka sayansi, picha ni anasa. Hapa, ndugu zangu wa idara ya Kiswahili, msikae mkidhani mzozo huu ni wa watu wa brashi peke yao. Juni 2022 walimu wa masomo ya sanaa nchini Uganda waligoma baada ya serikali kuamua kuwapandishia mshahara walimu wa sayansi, ambapo mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipangiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi na mwenzake wa chumba cha pili akaachwa alipokuwa. Katika hesabu hiyo, Kiswahili kilikuwa upande gani? Upande wa picha. Tumo humo humo. Ni mara ngapi umeambiwa, "Wewe si unajua Kiswahili? Nitafsirie hii haraka"? Kurasa kumi, usiku mmoja, malipo ni soda. Na wanaoomba hawana nia mbaya. Wanaamini kwamba lugha, kama picha, humtoka mtu yenyewe kama jasho. Miaka mitatu ya ngeli, ushairi na isimu hawaioni, kama vile mgeni wa mjomba asivyouona msasa. Wahenga walishasema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Taabu ni kwamba tunaofundishwa methali hiyo ndio tunaoshangilia jahazi na kumsahau aliyeliunda.

Nasema "tunao" kwa sababu na mimi nimo. Nikiwa mwaka wa kwanza, bwenini tulitaka kumuaga mwenzetu aliyekuwa anahamia chuo kingine. Nilijitolea kwa mbwembwe: "Mjomba wangu ana kipaji, atatuchorea kitu." Nilimpigia simu siku mbili kabla. Hakusema hapana, mimi ni mtoto wa dada yake. Alichora picha ndogo ya ziwa na mtumbwi, akanikabidhi akisema haijakauka, nisiifunge. Mimi nikaifunga kwa gazeti ndani ya matatu. Usiku ule tulipoifungua mbele ya watu, gazeti lilikuwa limeng'ang'ania rangi, na katikati ya ziwa palisomeka nusu ya tangazo la kuuza kiwanja. Tulicheka sana. Hatukumlipa hata nauli. Na mimi sikumwambia kilichotokea mpaka likizo ile ya daftari, siku ya 30 hivi, tukiwa tunasubiri tabaka likauke. Alisikiliza, akauliza tu, "Ulibandua gazeti kwa maji au kwa mkono?" Nikasema kwa mkono. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mganga aliyeambiwa mgonjwa alipewa dawa isiyo yake.

Tangu siku hiyo nina deni, na insha hii ni sehemu ya kulilipa. Binti yake, binamu yangu, yuko kidato cha nne. Anachora tangu utotoni, na ukoo mzima unamwambia ana kipaji kama baba yake. Ukoo huo huo, kwenye kikao cha Krismasi, ulikubaliana kwamba asipoteze karo kusomea sanaa chuoni, kwa hoja kwamba kipaji hakisomewi. Tazama jinsi neno moja linavyofanya kazi mbili: linamfukuza msichana darasani leo, na kesho akiuza picha litampunguzia bei. Kama wangekuwa wamezoea kumwita baba yake fundi, wangejua kwamba ufundi una shule, una miaka, una vifaa, na una malipo. Pengine wangebishana juu ya ada, lakini wasingebishana kama kuna cha kusomea.

Basi naomba mambo machache tu, yasiyohitaji bajeti ya serikali. Ukiagiza picha, toa kianzio, kama unavyompa seremala pesa ya mbao. Usiombe picha ya mafuta kwa ajili ya keshokutwa, kwa maana unaomba mafuta yabadilishe maumbile yake. Usilipe kwa "tutakutangaza", kwa sababu duka la rangi halipokei sarafu hiyo. Mwalimu wa shule, ukimwona mtoto anachora vizuri, usiishie kumwambia ana kipaji. Muulize alichora mara ngapi kabla ya kufika hapo, na umsikilize ajibu. Nasi wa Kiswahili tuanze kwa kinywa chetu. Tuna lugha yenye neno fundi, neno ambalo Kiluganda na lugha nyingine za jirani zimelipokea kwa heshima. Tukilitumia kwa fundi cherehani na fundi bomba, hatuna sababu ya kumnyima fundi wa picha.

Picha ya madereva wa bodaboda bado iko Kireka ninapoandika haya. Imeegemezwa ukutani ikisubiri vanishi, na ikisubiri mtu. Ukipita huko na kuiona, usimwambie mjomba habari za Mungu, yeye na Mungu wake wanazungumza bila msaada wetu. Muulize zile taa kwenye lami zilimchukua siku ngapi. Atakujibu kwa furaha, na pengine kwa kirefu. Halafu muulize bei, na ukiwa unayo, mpe.